Simba wa Foshan na Simba wa Heshan

Katika ngoma ya simba ya Kichina, wote hawa ni simba wa kusini, kutoka jimbo la Guangdong nchini China, na kila mmoja ni vazi linalochezwa na watu wawili. Wa Foshan ana pembe iliyochongoka, mdomo uliopinda na mkia mrefu. Huyu ndiye simba wa shule za kung fu hasa: aliyebeba kichwa hukaa mkao wa farasi, magoti yamekunjwa, mapaja yanawaka moto. Wa Heshan ana mdomo bapa kama wa bata. Hunyata kipaka, hunusa, hushtuka. Wanaoshindana kuruka juu ya nguzo humpenda kwa wepesi wake. Mimi niko na wa Foshan, hasa anapoidaka letusi iliyotundikwa mlangoni pamoja na bahasha nyekundu ya pesa, akaitafuna, kisha akawatemea watazamaji majani.