Stetoskopu ya fundi wa magari: inapofaa na inapodanganya

Mlio wa injini husambaa kwenye chuma chote. Anayesikiliza kwa sikio tupu huweza kudhani kelele ya alteneta (jenereta inayochaji betri) ni ya pampu ya maji, akanunua pampu mpya na kelele ikabaki palepale. Stetoskopu ya fundi huziba pengo hilo. Ina vya kuvaa masikioni kama ya daktari, mipira, kikopo chenye utando mwembamba ndani, na fimbo ya chuma ya kugusishia. Haihitaji betri.

Uwezo wake mkubwa uko kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda. Gusisha ncha kwenye ganda au bolti isiyozunguka, karibu kabisa na beringi. Beringi nzima huvuma laini. Iliyochoka hukwaruza kama mchanga unaosagwa. Anayeanza huona kila kitu kimeharibika, maana kila chuma kinachoguswa hulia. Kwa hiyo linganisha: alteneta, pampu ya maji, tenshena (kikaza mkanda). Kinachotafutwa ni kile kinacholia tofauti na wenzake. Kisha hakikisha: zima injini, vua mkanda, washa kwa sekunde 30 tu, kwa sababu kwenye injini nyingi pampu ya maji itakuwa imesimama na injini haipozwi. Kelele ikiisha, zima injini, kisha zungusha puli moja moja kwa mkono. Yenye beringi mbovu utaihisi ikikwama au ikicheza.

Kwenye kifuniko cha vali inafaa pia. Kugonga kwa tapeti (visukuma vali) huenda nusu ya mwendo wa krenki, mhimili mkuu wa injini, kwani kamshafti, mhimili unaofungua vali, huzunguka mara 1 krenki ikizunguka mara 2. Injekta (vipulizia mafuta) nazo hugonga tiki-tiki, na hiyo ni kawaida. Zinatakiwa kulia sawa. Iliyo kimya ndiyo ya kutiliwa shaka.

Chini ya injini ndipo kifaa hiki kinapodanganya. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) iliyolegea husikika bloku nzima, na ncha ukiiweka popote utapata ngo-ngo ileile. Hapo chomoa waya wa injekta ya silinda moja, injini ikiwa imezimwa, washa, sikiliza, rudisha, nenda inayofuata. Kugonga kukipungua, umeipata silinda. Usichomoe koili (inayoipa plagi umeme) badala ya injekta: petroli isiyoungua itaingia kwenye ekzosi na kuharibu katalitiki, kisafisha moshi. Na kabla ya yote hayo, pima oili. Injini inayogonga kwa mlio mzito huku oili ikiwa chini haitakiwi kuendelea kunguruma kwa ajili ya uchunguzi.

Kwa hewa inayovuja, ng'oa fimbo na upitishe mpira mtupu kwenye maungio bila kugusa. Gasketi (kizibo cha maungio) ya manifoldi ya ekzosi, bomba la kwanza la moshi, iliyopasuka hutoa tiki-tiki injini ikiwa baridi, kisha mlio hufifia chuma kikipata moto na kutanuka. Wengi huidhania tapeti.

Ukinunua, angalia urefu wa fimbo. Fupi humlazimisha mtu kuingiza mkono karibu na mkanda, na feni ya umeme huweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Ya sentimita 30 inatosha kwa magari mengi. Tikisa pale fimbo inapoingia kwenye kikopo: ikicheza, itatoa mtetemo wake yenyewe na utaisingizia injini. Zile za kielektroniki zenye vibanio na nyaya ndefu zina maana kwa kelele zinazotokea gari likitembea tu, kama beringi za magurudumu. Kwa injini ya gari lililoegeshwa mbele yako, ya fimbo inatosha.