Implanti ya jino ikifeli: uweke nyingine au daraja?

Implanti, yaani skrubu iliyopandwa ndani ya taya kubeba jino bandia, ikianza kucheza, usingoje. Pengine kilicholegea ni lile jino bandia lililo juu ya skrubu tu, na hilo hukazwa. Lakini skrubu ya titaniamu yenyewe ikitikisika ndani ya taya, kwa kawaida hutolewa. Hufanywa kwa ganzi, na iliyolegea haisumbui sana kutoka.

Kuweka nyingine kunadai subira. Mfupa huachwa upone, mara nyingi miezi 3 hadi 6, pengine upandikizwe mwingine, kisha skrubu mpya nayo ingoje kushikana na taya. Uwezekano wa kufaulu ni mdogo kidogo kuliko mara ya kwanza, hasa kama unavuta sigara au sukari yako haijadhibitiwa. Faida yake kubwa: meno ya jirani hayaguswi.

Daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, huchukua wiki chache tu jeraha likishapona, na aghalabu ni nafuu kwa mfuko. Ila meno ya pembeni husagwa ili yabebe la katikati. Kama ni mazima, mimi naona ni hasara kubwa. Yakiwa tayari yamezibwa-zibwa, daraja lina maana. Chini yake pia pasafishwe kila siku, maana maganda ya mahindi ya githeri hunasa hapo.

Popote unapotibiwa Nairobi, iwe kliniki ya mtaani au Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu, omba uonyeshwe eksirei na uelezwe kwa nini ile ya kwanza ilifeli. Bila jibu hilo, usilipie ya pili.