Projekta ipi kwa chumba cha chini? Mwongozo kwa mnunuzi wa Kigoma

Anayejenga kwenye miteremko inayotazama Ziwa Tanganyika hapa Kigoma mara nyingi hujikuta na chumba ambacho hakukipanga. Msingi wa upande wa bondeni hulazimika kupandishwa sana ili sakafu ya nyumba ilale sawa, na nafasi inayobaki kati ya msingi na kilima hutiwa mlango ikawa stoo. Chumba hicho huwa na dirisha moja dogo au hakina kabisa, na hata saa sita mchana huingii bila tochi. Kwa projekta, giza hilo ni nusu ya mtaji. Mwenye sebule yenye madirisha mapana hulazimika kununua mwanga mwingi ili picha ishindane na jua, lakini mwenye chumba cha chini anaweza kuipeleka fedha hiyo kwenye ubora wa picha, na ndiyo maana mpangilio ninaoutoa hapa unatofautiana na ule utakaopewa na muuzaji dukani.

Hesabu yenyewe ni hii. Kiwango cha mwanga katika kumbi za sinema za kidijitali ni kandela 48 kwa mita ya mraba. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125, yaani eneo la karibu mita za mraba 2.75, na kwenye ukuta mweupe usiong'aa inahitaji takriban lumeni 415 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye mashine) kufikia kiwango hicho. Taa huzeeka, na mpangilio wa picha wenye rangi nzuri, unaochaguliwa kwenye menyu, hupunguza mwanga, kwa hiyo jiwekee akiba: lumeni 600 hadi 1,000 zinatosha kabisa katika chumba chenye giza. Ziwe lumeni zilizopimwa kwa kipimo cha ANSI au ISO, taasisi zinazoweka viwango vya upimaji, na neno mojawapo kati ya hayo liwe limeandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Boksi linalotangaza "lumeni 9,000" bila kutaja kipimo halijakuambia chochote.

Nafasi ya kwanza naipa projekta ya LED (taa ndogo za kielektroniki) yenye pikseli halisi, yaani nukta zinazounda picha, 1920 kwa 1080 na lumeni za ANSI kati ya 500 na 1,000. Sababu yangu kubwa ni umeme. Projekta za taa ya kawaida hutumia taa ya mvuke wa zebaki, ambayo hupata joto kali mno, na mashine ikizimwa kwa utaratibu feni huendelea kuzunguka dakika moja au mbili ili kuipoza. Umeme ukikatika ghafla feni husimama papo hapo, joto linabaki ndani, na kila tukio la namna hiyo hupunguza umri wa taa. LED haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Tena huhesabiwa umri wa saa 20,000 au zaidi, ambao kwa matumizi ya saa tatu kila siku ni miaka 18. Kwa upande wa LUKU, mashine ya wati 100 hutumia uniti 0.2 katika saa mbili za mechi, ilhali ile ya taa yenye wati 300 hutumia uniti 0.6. Mwenye sola na betri ya volti 12 ya Ah 100, akitumia nusu tu ya chaji yake ili asiiharibu, anaweza kuangalia mechi mbili mfululizo pamoja na king'amuzi na spika ndogo. Chagua ambayo njia yake ya mwanga imefungwa, kwa kuwa vumbi jekundu la kiangazi likiingia kati ya lenzi na kioo cha picha huonekana ukutani kama madoa makubwa yenye ukungu.

Ya pili ni projekta iliyotumika ofisini, ya aina ya LCD tatu (vioo vitatu vya picha, kimoja kwa kila rangi ya msingi), yenye lumeni 3,000 hivi. Rangi zake ni nzuri, mwili wake ni imara na bei yake mara nyingi ni nafuu. Pikseli zake kwa kawaida ni 1280 kwa 800, kwa hiyo ukikaa karibu sana utaona vijisanduku. Hapa ndipo nataka mnunuzi awe makini, kwa sababu mimi mwenyewe niliumia. Niliuziwa moja ambayo kaunta yake ilionyesha kwamba taa imefanya kazi saa 412 tu. Katika wiki ya tatu picha ilianza kupepesa, kisha taa ikakataa kuwaka, na fundi aliponifungulia nikakiona kioo cha taa kimepauka na kuingia weupe kama glasi iliyochemshwa mara nyingi. Kaunta ilikuwa imerudishwa sifuri, jambo ambalo mtu yeyote hulifanya kwenye menyu kwa vitufe vichache. Taa mpya niliisubiri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, na ilinigharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia mashine. Tangu hapo, kabla ya kulipa huomba vitu viwili: picha nyeupe tupu na picha nyeusi tupu, kila moja kwa dakika tano, ndani ya chumba kilichofungwa mapazia. Kwenye nyeupe, doa la manjano au la buluu ni dalili kwamba vichujio vya ndani vimeungua. Kwenye nyeusi, vumbi hujitokeza lenyewe. Asiyekubali kukuwashia mashine kwa dakika hizo kumi, muage uende zako.

Projekta mpya ya taa, iliyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, naiweka ya tatu. Picha yake huishinda ya LED ya bei ileile, na kama ungekuwa na umeme usiokatika ningeipandisha juu. Ukiichukua, nunua na taa ya akiba siku hiyohiyo, na uiwekee UPS (betri ya dharura) yenye uwezo wa kuishikilia angalau mpaka feni imalize kupoza.

Ya nne ni ya leza inayowekwa hatua moja tu kutoka ukutani. Ni mashine nzuri sana, lakini mwanga wake hupanda ukutani kwa mshazari mkali, na hivyo kila tuta la plasta huifanya picha iyumbe kama nguo iliyoanikwa. Inadai skrini ngumu iliyonyooka, na kwa bei ya vyote viwili unaweza kukamilisha chumba kizima pamoja na viti.

Vile vidude vya mkononi vinavyoandikwa "inakubali 1080p", yaani picha ya pikseli 1920 kwa 1080, sivipi nafasi. "Inakubali" maana yake inaipokea picha hiyo kisha inaibana. Pikseli zake halisi mara nyingi ni 800 kwa 480, na maandishi ya matokeo pembeni mwa mechi hayasomeki.

Kabla ya kutoa fedha, chukua futi kamba. Kila projekta ina uwiano wa umbali, yaani umbali hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha: uwiano wa 1.2 kwa picha ya upana wa sentimita 221 unahitaji mita 2.65 kutoka kwenye lenzi hadi ukutani. Wengi hununua kwanza, halafu wakigundua kwamba chumba ni kifupi huiweka mashine kombo na kuinyoosha picha kwa menyu, jambo linalopoteza pikseli walizolipia. Shuka nyeupe isitumike, maana mwanga hupenya ukaishia nyuma yake. Ukuta uliopigwa plasta laini na rangi nyeupe isiyong'aa ni bora, na kuta za pembeni zikipakwa rangi ya giza weusi wa picha utakolea. Sauti itoe kwa waya hadi kwenye sabufa, kwani Bluetooth huichelewesha ikaachana na midomo.

Adui wa mwisho wa chumba cha chini ni unyevu, hasa katika mvua za Novemba hadi Aprili, wakati kilima kinapokunywa maji na kuyapitisha msingini. Kuvu ikiota kwenye lenzi haitoki kwa kufuta. Kata kipande cha nailoni ukubwa wa gazeti, kibandike kwa gundi ya utepe pande zote nne kwenye ukuta ulioegemea kilima, ukiache usiku na mchana, kisha ukitazame. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa isiyozunguka, na tundu mbili za hewa, moja chini na nyingine juu, zitasaidia. Yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka kilimani: chimba kwanza mfereji wa kuyaepusha nyuma ya nyumba, na projekta iendelee kukaa dukani mpaka nailoni itoke kavu.