Shangazi alikufia Vigwaza, bima ikanilipa: uzoefu wangu na bima kubwa

Nianze na maksi ili mwenye haraka asome aende zake. Bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, kama bidhaa naipa nyota nne kati ya tano. Kampuni iliyonikatia naipa mbili na nusu. Wakala wangu, dada mmoja wa Sinza, ningempa sita kama zingekuwepo. Jina la kampuni sitalitaja, maana nimeongea na jamaa kadhaa waliokata kwingine na masimulizi yao yanafanana na yangu kama pacha.

Gari lenyewe, huyo Shangazi, lilikuwa Toyota Mark II, GX110 ya 2003, namba C, rangi ya fedha. Nililinunua 2015 kwa milioni 13 kutoka kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Morogoro ambaye alikuwa akilifuta vumbi kwa mkono wake kila asubuhi. Wanaoijua injini ya 1G wataelewa. Silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2000 kasoro kidogo, inasukuma kwa nyuma. Fundi wangu wa Ilala alikuwa akisema ukiliwasha ni lazima uangalie mshale wa mizunguko ya injini ndipo ujue limewaka. Toyota waliacha kuzitengeneza 2004 wakaleta Mark X, na mimi sijawahi kuwasamehe.

Lakini linakunywa. Kwenye foleni ya Ubungo nilikuwa napata kilomita saba kwa lita, siku ya bahati. Ndiyo maana watoto walilipa jina la Shangazi. Halikukosa harusi wala msiba wa ukoo, na kila likifika mahali lazima lipewe kinywaji kwanza.

Miaka mitatu ya mwanzo nilikata bima ndogo, ile ya kumlinda utakayemgonga, 118,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 yule dada wa Sinza akanishawishi nipande. Hesabu yake ilikuwa hivi: asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT asilimia 18 juu yake. Niliandika thamani milioni 12, kwa hiyo 420,000, na VAT 75,600, jumla 495,600. Mke wangu akauliza ile 377,600 ya ziada inakwenda wapi. Nikamwambia ni ya usingizi. Akasema basi tumeanza kununua usingizi, na kila Januari nilipolipia alikuwa ananiuliza kama nimelala vizuri.

Na kila Januari niliandika milioni 12 ileile. Shikilia hapo, nitarudi.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 2021, tulikuwa tunarudi Dar kutoka Morogoro. Watoto walikuwa wamegoma kurudi, wakabaki kwa bibi yao mpaka shule zifunguliwe. Nyuma tuliweka mkungu wa ndizi na mchele. Manyunyu, barabara inateleza, foleni ya malori ndefu maeneo ya mizani ya Vigwaza. Mbele yangu kulikuwa na semi limesimama, nami nikasimama. Kwenye kioo nikaliona fuso la machungwa linakuja, na nikajua halitasimama. Kuna nafasi ndogo sana kati ya kujua na kugongwa. Nakumbuka niliikanyaga breki zaidi, kana kwamba ingesaidia.

Lilitusukuma hadi chini ya mkia wa semi. Boneti likakunjika kama kitambaa, na buti likaja kukaa pale wanapokaa watoto. Mikanda ilitushika. Mke wangu aliumia shingo, mimi goti. Wakati natoka kupitia upande wake, watu walikuwa wameshafika wengi, lakini walikuwa wanaokota machungwa. Mzee mmoja tu ndiye aliyekuja kutuuliza kama tuko wazima, naye mkononi alikuwa nayo matatu.

Trafiki walifika haraka, hilo niseme. Wakachora ramani ya ajali, wakamwandikia mke wangu PF3, fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda Tumbi akapigwa picha. Shingo ilikuwa nzima, msuli tu. Dereva wa fuso hakubisha kosa lake. Stika yake ya bima ilikuwa hai, nilimwona askari akiihakiki kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa kuingiza namba ya gari. Kama hujawahi kufanya hivyo kwa gari lako mwenyewe, fanya leo. Stika feki zipo, na mwenye nayo hugundua siku kama ile.

Nilimpigia yule dada nikiwa bado Tumbi. Jibu lake la kwanza lilikuwa, "Pole kaka'ngu, mke mzima?" La pili: nisikubali gari liguswe na fundi yeyote, nipige picha pande zote, na nitoe taarifa kwa kampuni kesho yake asubuhi kwa maandishi, si kwa simu. Kuchelewa kutoa taarifa ni sababu nyepesi kuliko zote ya kukunyima.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za karatasi. Polisi mpaka mkaguzi wa magari alikague gari ndipo utoke na PF 90, ripoti yao ya ajali, na mkaguzi ana magari mengi ya kukagua. Ramani ya ajali. Nakala ya leseni. Fomu ya madai kurasa nne, ambapo unaulizwa mara tatu ulikuwa na mwendo gani, na mimi kila mara nikaandika sifuri. Brekidauni kutoka Vigwaza hadi yadi ya kampuni Dar walinichaji 300,000. Mkataba wangu, ambao niliusoma kwa mara ya kwanza siku hiyo, ulirudisha mwisho 150,000. Gari la kutumia wakati nasubiri halikuwemo. Redio niliyofunga na rimu za aloi nilizonunua Gerezani nazo hazikuwemo, kwa kuwa sikuziorodhesha wakati wa kukata. Tena yule dada alinikumbusha 2018. Nikasema nitaleta risiti.

Siku napeleka kadi ya gari, kwenye dirisha la jirani kulikuwa na kijana ana dai kama langu, ila kadi yake bado ilikuwa na jina la aliyemuuzia, na muuzaji yuko Mwanza hapokei simu. Alirudishwa. Mimi mwaka 2015 nilihamisha umiliki TRA kwa sababu tu yule mwalimu alikataa kunipa ufunguo kabla sijafanya hivyo. Nilimwona msumbufu wakati ule.

Basi, mkadiriaji wa hasara wa kampuni akaenda yadi. Ripoti yake ilikuja mwishoni mwa Mei: gharama za kulitengeneza zinapita thamani yenyewe, gari limekwisha. Fundi wangu wa bodi alikuwa ananiahidi atalinyoosha, "litarudi bosi, nipe miezi miwili". Lakini nililiona. Milango ya mbele na ya nyuma ilikuwa imekaribiana mno, huwezi kuifungua yote.

Hapa ndipo ile milioni 12 ilipofia. Ofa yao ilikuwa milioni 7.5, toa asilimia 10 ya eksesi, yaani sehemu ambayo mkataba unasema unaibeba mwenyewe. Nikadhani wamekosea tarakimu. Kaka wa kampuni aliyekuwa akinihudumia dirishani alinifungulia mkataba, kwa upole kabisa, akanionyesha: wanalipa thamani ya soko ya gari siku moja kabla ya ajali, na kiasi ulichoandika kwenye fomu ni kikomo tu, hawatavuka hapo. Ningeandika milioni 20, ningelipia ada ya milioni 20 na bado ningelipwa hiyohiyo 7.5. Nikamuuliza mbona mlipokea ada ya milioni 12 mwaka huuhuu mwezi wa kwanza bila kulikagua gari. Akasema thamani huandikwa na mteja.

Ni kweli. Na ndiyo sababu nimewapa mbili na nusu. Mtu anayeuza bima kila siku anajua bei ya GX110 kuliko mimi, na neno moja tu la "bosi, shusha" lingetosha. Ila usije ukaishusha kupita kiasi ili ulipe kidogo. Ukiandika nusu ya thamani halisi, siku ya dai dogo la bampa watakulipa nusu ya bampa, kwa hoja kwamba nusu nyingine ulijikatia bima mwenyewe.

Walinipa karatasi ya kusaini kwamba nimepokea na sina dai jingine. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Miezi miwili ya daladala ilikuwa imenichosha, goti bado linauma, na milioni 6.75 si hela ya kuchezea. Nikatoka nje nikampigia dada wa Sinza. Akasema, "Usisaini. Wewe una ushahidi gani kwamba ni zaidi?"

Sikuwa nao, ila ulikuwepo. Yule mwalimu alinirithisha daftari la matengenezo, nami nikaendelea kuliandika kwa sababu niliona aibu kuacha. Kila oili, kila plagi, gia boksi ya 2019, matairi manne ya Novemba 2020 na risiti zake. Nilikuwa na picha za Krismasi, Shangazi anang'aa. Nikazunguka yadi za Kinondoni na kwa madalali wa Mwenge, nikapata bei za GX110 tatu za hali ileile kwa maandishi, kuanzia milioni 8.8 hadi 9.7. Mkadiriaji wao alikuwa amechukua bei ya gari ambalo halijawahi kuandikiwa daftari. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi, na mstari wa mwisho nikasema tusipoelewana nitapeleka suala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo ipo kisheria, na mlalamikaji halipishwi. Sina hakika ni daftari au ni mstari ule, lakini siku nne baadaye nilipigiwa simu na mtu mwenye cheo kirefu zaidi.

Tukaishia milioni 9. Toa 900,000, nikabaki na 8,100,000. Waliniuliza kama nataka kubaki na mabaki kwa kukatwa milioni mbili. Fundi wa bodi alinisihi nikubali. Nilikataa. Nisingeweza kulipaki nyumbani vile.

Ila kabla ya hela walitaka funguo zote mbili. Wa pili ulikuwa kwa mama mkwe Morogoro, ndani ya kopo la chai, na ulikuja kwa basi umefungwa kwenye leso pamoja na ndimu. Nikaenda yadi kuukabidhi na kutoa vilivyobaki ndani ya gari. Ndizi zilishaoza na harufu yake ilikuwa imeenea yadi nzima. Nikakuta kiatu kimoja cha shule cha yule mdogo, tulichokitafuta tangu mwaka juzi, kimebanwa kati ya buti na kiti cha nyuma, bapa kama chapati. Nilikaa kidogo pale. Mlinzi akaniletea kiti bila kuniuliza.

Hela iliingia katikati ya Agosti, miezi minne na siku kadhaa tangu ajali. Kwa miaka minne nilikuwa nimelipa ada ya karibu milioni mbili. Kwa bima ndogo ningekuwa hadi leo namfukuza mwenye fuso. Ile 900,000 ya eksesi inadaiwa kwa bima ya fuso, wenye kosa. Barua tatu nimeshapeleka. Wanasema wanalishughulikia.

Tumenunua Toyota IST ya bluu, kwa kuongeza kidogo. Dada wa Sinza aliponiuliza tuandike thamani gani nilimtumia kwanza bei za yadi tano, akacheka, tukaandika ya katikati, na redio tukaiorodhesha. Inakwenda kilomita kumi na tano kwa lita. Watoto wamekataa kuipa jina.