Makaburi ya Kasubi: ukifika, anza na paa

Mimi ni fundi wa kuezeka, mzaliwa wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na Kasubi, kilima cha Kampala walikozikwa wafalme wa Buganda, nilienda kwa ajili ya paa. Historia niliipata kama nyongeza, na nyongeza yenyewe ilikuwa nono.

Mwaka 1882 Kabaka (yaani mfalme) Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake juu ya kilima hiki. Mwaka 1884 akafariki, akazikwa humo humo, na nyumba ya kutawalia ikageuka kaburi. Makabaka wengine watatu wakamfuata: Mwanga, aliyefia uhamishoni Ushelisheli na kurudishwa nyumbani 1910, Daudi Chwa, kisha Edward Muteesa, aliyefia London 1969. Kwa hiyo usitegemee makumbusho ya vioo na vibandiko. Hapa unaingia kwa watu, na unavaa hivyo: kina mama sketi ndefu au gomesi, lile gauni refu la kitamaduni, na viatu huvuliwa mlangoni.

Sasa paa. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni duara lenye upana wa mita 31 hivi, na nyasi zake zinateremka mpaka karibu na ardhi. Upande wa ndani limefungwa pete 52 za fito, kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye, yaani wa mbega. Kupamba pete na nguzo ni kazi ya ukoo wa Ngo, wa chui. Nilimwambia kijana aliyenitembeza kwamba kwetu anayelipwa ndiye anayepanda. Akacheka: "Ssebo (yaani bwana), hapa hata ukilipa wewe, hupandi."

Tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea usiku. Anayejua nyasi kavu hahitaji kuelezwa ilivyokuwa. UNESCO, iliyokuwa imeiandika katika Urithi wa Dunia tangu 2001, ikaiweka pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na haikuitoa huko mpaka Septemba 2023. Wapo wanaonung'unika kwamba ujenzi ulikokota miguu. Mimi nawatetea mafundi: nyasi hukatwa zikikomaa, na kazi yenye mwiko haiharakishwi na mhasibu. Wengine wanalalamika kuhusu saruji. Jamani, saruji na vyuma viliingizwa tangu ukarabati wa 1938, vikafichwa nyuma ya fito na nguo za magome. Paa zito kiasi hicho linataka nguzo, na mimi sioni aibu yoyote hapo.

Usipite haraka kwenye Bujjabukula, nyumba ya lango. Paa lake liko chini, unaona vizuri matita yalivyopangwa, moja juu ya jingine. Mimi nilikawia hapo kuliko popote.

Kufika ni rahisi, kama kilomita 5 kutoka katikati ya Kampala. Teksi za Hoima Road, yaani matatu, zitakushusha Kasubi, au chukua boda, mwambie "Masiro", yaani makaburi ya wafalme, na mpatane bei kabla hujapanda.