Njia ya Mgodi wa Bonanza, Kennecott: magoti yaliomba poo

Usidanganywe na umbali. Ukiambiwa kilomita 14 na nusu, kwenda na kurudi, unaona ni mchezo. Lakini njia hii inapanda zaidi ya mita 1,100, na sehemu ya chini ni barabara ya zamani inayokata msituni, huoni kitu zaidi ya miti na mgongo wa aliyekutangulia. Nilifika mahali nikawa nahesabu hatua ishirini, nasimama, najifanya natazama maua.

Kennecott iko Alaska, ndani ya hifadhi ya Wrangell–St. Elias. Kufika kwenyewe ni kazi: kutoka Chitina ni karibu kilomita 96 za changarawe, juu ya tuta la reli iliyokuwa ikisafirisha shaba hadi bandari ya Cordova. Mwisho wa barabara unaacha gari, unavuka mto kwa daraja la miguu, basi dogo linakuchukua hadi kwenye majengo ya iliyokuwa kampuni ya migodi ya shaba.

Mimi nilitaka tupande siku ileile. Mwenzangu akagoma: kwanza kinu cha kupondea mawe ya shaba, mlima kesho. Nilinuna, lakini alikuwa sahihi, na hilo ndilo ningemsisitizia yeyote anayekwenda. Kinu ni jengo la mbao la ghorofa 14, jekundu, limeegemezwa mlimani kama ngazi. Unaingia na kiongozi kwa juu, unashuka. Mawe nayo yalishuka hivyohivyo, ghorofa hadi ghorofa, yakipondwa na kuchekechwa, hadi shaba ikatoka chini kwenye magunia. Kiongozi alitueleza pia kwamba ndoo zilizojaa, zikiteremka kwenye nyaya kutoka mgodini, ndizo zilizovuta ndoo tupu kurudi juu.

Kesho yake, nilipotoka msituni nikakuta nguzo zimeinama na waya mnene wenye kutu umelala kwenye mawe, nilijua ninachokitazama. Bila kinu ningeona mbao zilizooza tu.

Juu kabisa kuna bweni la wachimbaji, limelala ubavu, madirisha hayana vioo. Usiingie, sakafu yenyewe inaning'inia. Chini yake, mbali sana, barafu ya Kennicott imefunikwa vifusi hadi inafanana na machimbo. Nilikaa hapo saa nzima. Miguuni nikaokota kijiwe, upande mmoja kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa mvuani, upande wa pili chembe za buluu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1900 watafuta madini wawili waliiona rangi hiyo ya kijani kwa mbali wakadhani ni malisho ya farasi wao. Nilikirudisha kijiwe. Hifadhini hata msumari hauondoki, na misumari iko tele: treni ya mwisho iliondoka Novemba 1938, na vitu vingi vikaachwa palepale.

Kushuka ndiko kulikonimaliza. Kokoto zinateleza, na moja ya fimbo nilizokodi (sitaji wapi) ilikuwa ikijikunja kila nikiiegemea. Ijaribu yako kabla hujalipa. Beba maji ya kutosha, piga kelele msituni kwa sababu ya dubu, na asubuhi kabla ya kupanda ulizia basi la mwisho ni saa ngapi. Sisi tulitumia saa tisa, na basi tulilikuta limeshawasha injini.