TAHADHARI: Muuza watoto wa buldogi anayezunguka kwenye magrupu yetu England

Wabongo na Wakenya mlioko huku, kuna jamaa anarusha picha za watoto wa buldogi wa Kifaransa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kiswahili chake safi, kila mtu kwake ni "ndugu yangu". Msimtumie hela.

Anataka kishika uchumba kwanza kupitia benki, ndipo mkutane kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, tena usiku. Nilipomwambia nataka kumwona mama akiwa na wanawe, akadai alizaa kwa upasuaji na bado anauguza kidonda. Uongo wa mtu anayeijua kazi yake, maana mbwa hawa wengi kweli huzaa kwa kisu: watoto wana vichwa vikubwa, nyonga ya mama ni nyembamba. Ila mtoto wa mbwa hauzwi kabla ya wiki 8. Kidonda gani hicho cha miezi miwili?

Jirani yangu alishauziwa. Mbwa wake akipanda ngazi anasimama katikati, anakoroma yuko macho, ulimi umeingia zambarau. Matundu ya pua ni kama yamechorwa kwa kalamu. Eti muuzaji alimwambia kukoroma ndiyo urembo wa mbwa hawa! Daktari anasema njia ya hewa imebana, apasuliwe. Na chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya mbwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa.

England tangu 6 Aprili 2020 dalali haruhusiwi kufanya biashara ya mbwa wa chini ya miezi 6. Nunua kwa mzalishaji mwenyewe, umwone mtoto na mama yake hapo alipozaliwa. Mzalishaji mwenye leseni lazima tangazo lake lioneshe namba ya leseni na halmashauri iliyoitoa. Ipigie simu halmashauri uhakikishe. Kwa mbwa wa pua bapa, dai pia majibu ya kipimo cha upumuaji cha wazazi wote wawili. Madaraja ni 0 hadi 3, na wa 3 hafai kuzalishwa. Uholanzi ndiyo wamekaza kweli: mbwa ambaye pua yake ni fupi kuliko kiwango kilichowekwa hazalishwi.

Jamaa hubadilisha namba, na sasa anatumia jina la kike, lakini picha ni zilezile za zulia la kijani. Ukiziona, zihifadhi pamoja na namba, upeleke halmashauri au RSPCA, shirika la kutetea wanyama. Aliyekwisha kulipa apigie benki yake leo hii.